Mchezo wa Fisimaji

Fisimaji alivua hata akiwa ameshiba. Alimnasa samaki, akamrusha juu, kisha akamwachia. Perege alilea wanawe kinywani, na kila aliponaswa, wachache walimponyoka wasionekane tena.

“Si nakuachia, mama?” alicheka Fisimaji. “Mchezo tu!”

“Mchezo una zamu, bwana,” alijibu Perege kwa pembe ya mdomo, akamwita shogaye Kambale.

Kambale akamng’ata Fisimaji mkia, akamvuta hadi matopeni chini ya maji. Fisimaji akafurukuta, pumzi zikamwishia. Perege akamsogelea usoni.

“Tulia, bwana! Kambale ameshiba. Atakuachia.”

Alipoachiwa, Fisimaji alijikokota ukingoni akitapika maji. Tangu hapo huvua kwa njaa tu, na wana wa Perege wamejaa bwawa zima.