Abiria Elfu Sita

Rubani huyu angeweza kuitua ndege juu ya mkeka bila kuukunja. Mbele ya baba yake, hata kikombe cha chai kilimshinda kukitua: kiligonga kisahani, chai ikamwagikia barua zote mbili.

"Unawaogesha waajiri kabla hawajakuajiri," baba alisema. "Haya, umemchagua nani?"

Barua ya kwanza ilitoka shirika la ndege za abiria: ndege ndogo ya pangaboi, safari fupi nne kwa siku, nenda rudi, nenda rudi. Ya pili ilitoka kampuni ya mizigo: ndege kubwa, njia ndefu za kuvuka bahari. Jibu lilitakiwa kesho yake. Moyo wa rubani ulikuwa umeshapakia mizigo zamani.

"Bado nafikiri, baba. Kule kwenye mizigo ndege ni kubwa."

"Hata lori ni kubwa."

"Na njia ni ndefu."

"Nimekusomesha uje kuwa kuli wa angani?" Baba aliweka kikombe chini, taratibu. "Miaka ishirini nimekaa ghalani na kalamu sikioni. Sijawahi kubeba kitu kizito kuliko daftari. Mwanangu atabeba watu. Watu wanaosema asante."

Mama, aliyekuwa pembeni akikunja nguo, alipaliwa ghafla, akakimbilia jikoni kunywa maji.

"Basi, abiria," rubani akasema.

Baba alisimama akamkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikalia. Rubani aliona afadhali angetandikwa.

Kesho yake asubuhi akaenda kusaini mkataba wa mizigo.

Siri hiyo alimpa mama peke yake. Mama hakushtuka, aliipokea, akaikunja vizuri kama shuka, akaiweka. Kwa kutunza siri, mama alikuwa na uzoefu.

Lakini baba alitaka habari. Kila mwanawe aliporudi, hata viatu hajavua, swali lilikuwa lile lile.

"Leo umebeba wangapi?"

Siku hiyo alikuwa amebeba vifaranga.

"Wengi, baba. Wadogo wadogo. Wamelia njia nzima."

"Masikini! Shule?"

"Kama shule."

"Na walimu wao?"

"Sikuwaona walimu."

Baba alitikisa kichwa kwa huruma, akaipeleka habari kwa kinyozi. Kwa kinyozi ikakaa siku mbili, ikatoka imeongezewa kwaya. Jumamosi kinyozi akauliza, wembe ukiwa shingoni mwa rubani, "Kapteni, wale watoto waliimba nini kule juu?" Rubani alifumba macho. Vifaranga walikuwa elfu sita, na aliona kila mmoja anamdonoa.

Ikawa hivyo miezi saba. Matairi ya trekta yakawa wanene wawili waliogombea kiti. Maua yakawa bibi harusi. Mtaa mzima ulimpisha njiani, "Kapteni, Kapteni," naye akipita ameinamisha macho kama aliyedondosha sindano. Mara tatu alikaa karibu na baba ili aseme. Mara tatu baba akamtengea kiti kizuri zaidi, na maneno yakarudi tumboni.

Ndipo siku moja alipofika kazini akajipapasa mifuko. Leseni ya urubani hakuna. Ameiacha mezani nyumbani, na bila leseni harushi hata tiara. Akampigia mama.

"Mama, mtume mtu wa pikipiki. Lango la mizigo, sio la abiria. Baba asijue."

"Baba yako amesimama hapa hapa," mama akanong'ona. "Usijali, mwanangu. Nitamwelekeza vizuri."

Baada ya nusu saa, pikipiki iliingia kwenye lango la banda la mizigo. Nyuma ya dereva, ndani ya suti yake ya harusi, ameishika leseni kwa mikono miwili, alikuwa baba.

Rubani aliganda. Baba aliteremka. Alitazama masanduku yaliyopangwa hadi darini, akatazama nyavu, kamba, vijana wenye jasho wakisukuma toroli. Alitazama ndege nyeupe iliyo wazi tumbo, isiyo na dirisha hata moja.

"Baba," rubani akasema. "Hakuna abiria. Hawajawahi kuwepo. Wale watoto walikuwa vifaranga."

Uso ulimsawijika baba. Aliinua kola ya suti, akauficha uso nusu, kama mtu aliyekutwa mahali pa aibu.

"Chukua leseni yako, mimi niondoke."

"Baba, nitukane basi."

"Tutaongea nyumbani. Hapa sio mahali pangu." Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea langoni, haraka haraka, akipita karibu na ukuta. Rubani alimfuata nyuma, machozi yakimlenga. Kumbe aibu aliyomtia baba yake ilikuwa kubwa kiasi hiki, mzee hataki hata kuonekana naye!

"Winchi!" sauti ikaita kutoka nyuma ya masanduku.

Akajitokeza msimamizi wa wapakiaji, mzee mwenye mvi na mikono kama makasia, ameipanua.

"Winchi, ndugu yangu! Miaka ishirini bega kwa bega chini ya magunia, leo unanipita kama nguzo?"

"Samahani, mzee wangu, umemfananisha," rubani akasema, akijikaza kumtetea. "Huyu ni baba yangu. Alikuwa karani."

"Ndiyo, amenifananisha," baba akasema kwa sauti ndogo.

Lakini jina lile lilipoitwa, katika banda zima, aliyegeuka alikuwa yeye peke yake.