Birika la Kunawia

Miaka thelathini Mwanatumu alipika katika jumba la Bi Salha na kuwanawisha wageni wake, akianzia kiti cha nakshi, akimalizia mkekani. Leo mjukuu aliyemlea anaolewa na mwana wa Bi Salha, na desturi ya mji ni moja: mama wa bwana harusi humnawisha mlezi wa bibi harusi.

Kwa mazoea, Mwanatumu akainuka kulichukua birika.

"Keti, Bi Mwanatumu," alisema Bi Salha kwa taabu. Hakuwahi kumwita Bi kabla ya hapo.

Mwanatumu akaketi kwenye kiti cha nakshi, akanyoosha viganja. Bi Salha akainama na birika, maji yakatiririka.

"Ongeza, mkwe," akasema taratibu. "Masizi ya jiko lako hayatoki upesi."

Bi Salha akainama zaidi.