Jemedari Aliyepiga Magoti

Kwa mara nyingine tena, shujaa mwenye upanga wa moto alipiga magoti.

"Aa, Jemedari." Baba alijipiga paja. "Upanga wote huo wa nini sasa, wa kukatia vitunguu?"

Binti yake wa darasa la tatu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye zulia, miguu ameikunja, vidole juu ya vitufe vya pedi ya mchezo. Kwenye televisheni, jitu lililogusa mawingu lilichukua dhahabu ya shujaa, likampita, likaenda zake.

"Lakini damu haijapungua, baba." Alionyesha mstari mwekundu juu ya kioo. "Ona, imejaa."

Kweli ilikuwa imejaa. Yule shujaa hakupungukiwa na kitu. Mtoto alikuwa amemjenga mwezi mzima: akamchagulia macho, akamsuka nywele, akamvika deraya ya chuma, akamwongezea nguvu mpaka hapakuwa na pa kuongeza. Halafu kila alipokutana na jitu, na maandishi yakamtaka achague PIGANA, KIMBIA au PIGA MAGOTI, alichagua la mwisho.

Baba alikuwa fundi makochi. Vijana wa karakana walimwita Bosi, na mkewe naye akalizoea hilo hilo. Hakuwa amenunua mchezo ule kwa kupoteza muda. Mwalimu alikuwa amemwita shuleni. "Mwanao akikanyagwa mguu," alimwambia, "yeye ndiye anayeomba radhi." Maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ya kuinamisha kichwa, na aliapa kwamba mwanawe hatakulia hivyo. Ndipo akatafuta mchezo ambao mdogo anakuwa mkubwa kuliko wote. Samaki mkunje angali mbichi.

Mama alileta chai, kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto ameubana ubavuni. Vikombe vilikuwa vya plastiki. Vya udongo vilishavunjika vyote.

"Hebu mtazame mwanao," Bosi alimchokoza. "Ndiyo kusema umenizalia mwoga?"

Mama alicheka, kicheko kilichochelewa kidogo. "Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Wahenga wako hao hawakuwa na upanga wa moto."

Hapo wakacheka wote watatu, na nyumba ikawa tamu. Mama akarudi jikoni. "Maji ya kuoga yako tayari, Bosi," alisema akiwa anaondoka. "Taulo lipo, sabuni ipo."

Kwenye kioo, anga likawa jeusi. Mtoto akasogea nyuma kidogo.

"Huyu sasa ndiye bosi," alinong'ona.

"Bosi gani tena?"

"Kwenye mchezo, baba. Lile jitu la mwisho, linaloshinda yote, linaitwa bosi."

"Basi ni somo yangu huyo." Alishuka kutoka kwenye kochi alilolishona mwenyewe, akakaa kwenye zulia, goti lake likigusana na la mwanawe. Sauti akaishusha mpaka ikawa ya kubembelezea mtoto mchanga. "Sikiliza, mwanangu. Nataka nikuone ukipigana, mara moja tu. Huyu hana cha kukufanya. Mwenye nguvu hapa ni wewe. Umenielewa?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Akafikiri.

"Ukimrudishia, anazidi."

"Nani kakwambia?"

Mtoto akautazama mlango wa jikoni. "Hamna."

Jitu likasimama mbele ya shujaa. Maandishi yakatokea. Kidole gumba cha mtoto kikaenda mpaka kwenye PIGANA, kikatua hapo, na baba akahisi machozi yanamlenga. Aliuona mbele yake uwanja wa shule, na binti yake katikati, kichwa juu, hakanyagwi na mtu.

"Hapo hapo," alisema. "Bonyeza, Jemedari wangu. Usiogope."

Kidole kikateleza chini. Shujaa akapiga magoti.

"Nimekwambia bonyeza!"

Hakukusudia. Sauti ilimtoka tu, na mkono nao ukainuka wenyewe, kama wa mtu anayefukuza nzi.

Mtoto akaiweka pedi chini taratibu, mbali kidogo, isije ikavunjika. Akaipa televisheni mgongo. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akakifunika kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko vimebana masikio, kama mtu aliyefundishwa vizuri.

"Nisamehe, Bosi," alisema. "Ni kosa langu mimi. Sirudii."

Kule jikoni sufuria ilianguka. Mama hakuuliza kuna nini. Mlango ulikuwa wazi, na kabla mkono wa mumewe haujashuka, naye alikuwa ameshapiga magoti.