Saladi Zisizolala

Siku ya kumi na mbili tangu bintiye ajifungue, Bi Mwatime aliingia usiku na bakuli la uji wa pilipili manga. Hidaya hakukubali kukaa arobaini yake kwingine ila chumba hiki cha saladi, zinazoota kwenye mabomba ya maji bila udongo. Taa za zambarau ziliwaka usiku na mchana, maana aliamini mwanga ukizidi saladi zitakomaa upesi. Mtoto mapajani mwake alikuwa analia. Siku ya tatu hiyo, hajalala usingizi wa maana.

"Zima taa, mwanangu."

"Nikizima zitadumaa, mama. Mwezi mzima nimezilea!"

"Na huyu umemlea siku ngapi?"

Bi Mwatime alichuma jani lililoungua kingo, akamtia bintiye mdomoni kama alivyomlisha zamani.

"Tafuna."

Hidaya alitafuna, akakunja uso. "Mama wee! Chungu kama mwarobaini!"

"Umeona? Hizi hazina kope za kufumba, zimekesha mpaka zimeungua. Mwanao kope anazo, lakini ni nyembamba mno kwa mwanga huu. Mimi shule sikufika mbali, Hidaya, ila kitu kinachokua lazima kipate kulala. Nisikilize kabla hujajuta."

Hidaya alizitazama saladi zake, safu kwa safu. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza swichi.

Maji yaliendelea kutiririka mabombani. Mtoto alinyamaza, akakishika kidole cha bibi yake, na macho yake makubwa yakabaki wazi, yakilitazama giza lake la kwanza.