Onyo la Hakimu

Binti alikamatwa akimuuzia mtoto wa shule sigara katika duka la mama yake. Siku ya hukumu, hakimu alivua miwani, akamtazama pale kizimbani.

"Umri wako ni mdogo, na hili ni kosa lako la kwanza. Mahakama inakuonya tu. Nenda nyumbani."

Mama alishusha pumzi, akainuka aondoke naye.

Binti hakusogea. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kizimba mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Mheshimiwa, si la kwanza. Nawauzia kila siku wakitoka shule."

"Nani aliyekutuma?"

Binti alimgeukia mama yake polepole, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mama."