Papa wa Nyumba ya Bi Mize

Tangu nchi za bahari hii zitie saini mkataba, kila nyumba ya Mkoani ilikabidhiwa papa mmoja wa kumlinda, na taa yake juu ya mlango. Papa akifa, hata huko Msumbiji, taa huzimika, na wenye nyumba huchukuliwa wakajieleze.

Mchana ule Bi Kazija aliwaletea jirani zake, Bi Mize na mumewe Makame, bakuli la mchuzi wa nazi lililofunikwa kawa. Makame alimega tonge la wali, akachovya, akafumba macho kwa utamu.

"Mke wangu! Huyu ni papa!"

"Tema, mume wangu! Tema!"

"Nishameza."

Bi Mize alikimbilia barazani kuzitazama taa. Taa ya Bi Kazija ilikuwa inawaka. Za mtaa mzima zilikuwa zinawaka. Wakaguzi wawili wa mkataba, Mkomoro na Mhindi, walikuwa wanakuja, wakipita nyumba baada ya nyumba bila kusimama.

Akashusha pumzi, akageuka aingie ndani. Taa ya mlango wake ilikuwa imezimika.

"Nimelimaliza," Makame aliita kutoka ndani. "Bakuli la watu halirudi tupu. Tumtilie nini Bi Kazija?"