Rangi ya Kucha

"Skrubu za mpini zimelegea tena, shemeji," mlinzi alisema, akaiweka bastola mezani.

Fundi aliinama kuzitazama. Mwezi uliopita alizikaza mwenyewe, akazidondoshea rangi ya kucha ya dada yake, mke wa mlinzi huyu, ili zisilegee. Sasa rangi ilikuwa imepasuka, na haipasuki mpaka bastola ifyatuliwe.

"Umefyatua risasi ngapi?"

"Hata moja. Nakaa getini kama sanamu."

"Rangi imeniishia. Mwambie dada aniletee kichupa."

"Yuko kwa mama yenu tangu Jumapili."

Asubuhi ile ile mama alikuwa amempigia fundi, akilalamika kwamba binti yake hapokei simu.

Fundi aliifungia bastola kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni.

"Kaa kitako kwanza, shemeji."